Breki Inayonguruma

Jumatatu, 4 Agosti

Ametia nyutro tena! Mteremko wenyewe mfupi, kilomita mbili hazifiki, lakini nimeona kwa macho yangu. Mkono umeenda kwenye gia, umeitoa, umerudi kwenye usukani kama hakuna kilichotokea. Injini kimya. Gari-nyumba zima likaanza kuteleza kama sabuni bafuni. Na Mzee anatabasamu.

Glasi ya maji ipo pale juu ya dashibodi. Kaiweka mwenyewe jana asubuhi tulipoondoka. Ikimwaga hata tone, basi dereva hajui kazi. Akiendesha yeye, maji yametulia. Nikiendesha mimi, yamemwagika mara tatu. Kila yakimwagika anaijaza tena, neno hasemi. Heri angesema.

Mzee ni baba yake Pini. Pini ni mchumba wangu. Hilo jina nimempa mimi, fundi cherehani yule, pini hazimtoki mdomoni, anaongea nazo, anacheka nazo. Mzee kaendesha wakubwa wa maofisi miaka thelathini na moja. Magari meusi ya otomatiki, zulia mpaka mlangoni. Sifa yake ni moja tu na tumeisikia sote: mkubwa alikuwa anasaini karatasi kiti cha nyuma na kalamu haitikisiki. Alipostaafu akanunua hili la dizeli. Vitanda viwili, jiko la gesi, choo, kabati za mbao, tangi la maji. Wenyewe wanaliita nyumba. Mimi naona ni lori lililovaa suti. Tani saba na nusu.

Tunampeleka Mama, mke wa Mzee, ng'ambo ya milima kwa binti yao mkubwa ambaye siku zake za kujifungua zimefika. Mgongo wa Mama haukai kwenye basi, lazima alale. Na mimi nimeombwa niendeshe kwa sababu daktari kamkataza Mzee safari ndefu. Goti la kulia. Kuna na sababu nyingine. Mzee alimwambia Pini, Pini akaniambia: "Baba kasema acha kwanza asafiri na wewe. Jibu la posa tutalipata tukifika."

Kwa hiyo naendesha nikijua naangaliwa.

Na siendeshi njia nzima. Tambarare yangu, kupanda kwangu. Mteremko ukianza, naguswa bega. "Kijana, pisha." Eti mteremko unataka mtu mzima.

Mimi ni mtu wa lori la kokoto. Shule niliacha la tano, machimboni nina miaka minne kwenye usukani. Kutoka juu ya machimbo mpaka kwenye mashine ya kusaga ni kushuka tu, na nyuma umejaza. Pale breki ya mguu ni ya kusimamia. Ya kushukia ni injini. Unaingia gia ndogo ukiwa bado juu, mguu unauondoa kwenye mafuta, unavuta kile kiwashio kwenye shingo ya usukani. Huko chini kibati kinaziba bomba la moshi. Moshi unakosa pa kutokea, injini inabanwa, inanguruma, na gari linashikwa kama mtu kalikamata kiunoni. Unashuka umekaa.

Na hili nalo linayo breki hiyo! Nilikiona kiwashio siku ya kwanza. Leo Mzee alipolala nyuma nilikivuta kwenye kiteremko kidogo. Taa ikawaka. Sauti hakuna. Halikushikwa hata kidogo.

Jumamosi tunafika kwenye mteremko mkubwa. Kilomita ishirini na mbili.


Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nimelala chini ya gari nikijifanya natazama matairi. Nimeona. Waya wa kile kibati haujakatika. UMEKATWA. Na ncha zote mbili zimefungwa tepu nyeusi, kazi safi, kazi ya fundi aliyelipwa.

Nikamuuliza Pini. Akacheka mpaka akatoa pini mdomoni. "Si ni baba huyo! Alimwambia fundi aitoe ile sauti. Alisema gari linanguruma kama lina njaa, majirani watamwonaje."

Nikamwambia, basi mwambie baba yako warudishe. Akasema, "Mwambie wewe. Dereva nani?"

Nikaenda. Mzee ananyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni cha gari, povu mpaka masikioni. Nikasimama nyuma yake. Maneno ninayo, nimeyapanga. Akaniona kwenye kioo.

"Sema, kijana."

Nikasema, shikamoo baba.

Akaitikia. Ilikuwa ni mara ya pili, asubuhi hiyohiyo.


Jumatano, 6 Agosti

Herufi zinakwenda upande. Hata hivyo naandika, nikikaa bure nitaendelea kuyaona ya leo.

Mteremko wa leo kilomita sita. Nikaguswa bega, nikapisha, nikakaa kiti cha pembeni. Pini nyuma na Mama. Nyutro. Injini ikanyamaza, upepo tu kwenye madirisha.

Mshale wa mwendo: arobaini. Hamsini. Sitini. Anakanyaga, arobaini na tano. Anaachia. Sitini. Anakanyaga. Mimi simwangalii usoni, naangalia mguu. Kila akikanyaga, mguu unakwenda chini zaidi ya mara iliyopita. Kidogo tu. Mtu mwingine asingeona. Halafu nikaona na mkono — mkono wa kulia umetoka kwenye usukani, unasukuma paja. Goti halina nguvu, analisaidia kwa mkono!

Mama akauliza kutoka kitandani, "Nani kaacha pasi inawaka?"

Harufu. Nikatazama kioo cha kushoto. Moshi mweupe gurudumu la mbele.

Na ile glasi imetulia. Maji kimya kama ya kisimani. Hapo ndipo niliogopa kabisa, sijui kwa nini.

Kona. Mbele yetu tenki la mafuta linashuka polepole, linanguruma. Mzee akakanyaga. Pedeli ikaenda mpaka chini, ikakaa huko. Jasho tu, limetoka sikioni likashuka shingoni. Nikasema gia, baba. Nilisema! Lakini nadhani ilikuwa moyoni, maana hakugeuka. Akaishika gia mwenyewe, akasukuma, ikakwaruza, krrrrr, ikakataa. Mwendo ushakuwa mkubwa, haiingii tena. Akapiga honi. Tukalipita tenki kwenye kona, upande usio wetu. Ningenyosha mkono ningeligusa. Ng'ambo hakukuwa na mtu anayekuja. Ni hivyo tu, hakukuwa na mtu. Si uhodari wa yeyote.

Baada ya kona njia ikaanza kulala. Nikashika breki ya mkono. Sikuomba ruhusa. Nikavuta kidogo, nikaachia, nikavuta kidogo. Gari likayumba, likaingia kwenye kokoto za pembeni, likasota, likasimama. Kabati la vyombo likafunguka lote. Glasi ikaniangukia miguuni.

Mama kutoka kitandani: "Tumefika?"

Kumbe tuko kwenye kituo cha kupumzikia malori. Magurudumu yanatoa moshi, manne yote. Tenki likaja likasimama nyuma yetu, akashuka dereva. Mwanamke, mfupi, kilemba, viatu vya kazi. Akaanza kunusa kutoka mbali.

"Nani anachoma viatu humu?"

Mzee akasema breki mpya, bado zinajizoeza.

"Shikamoo mzee wangu. Umenipita na nyumba yako nikiwa kwenye kona. Nimeona mpaka sufuria."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Yule dada akainama akatazama gurudumu, akatemea mate, mate yakachemka yakapotea. Akasema mkifika mteremko mkubwa, kona ya nne kuna nyumba, ukuta wa mbele umejengwa upya mara tatu. Mwenye nyumba siku hizi analala chumba cha nyuma.

"Binti," Mzee akasema, "mimi nimeendesha wakubwa wewe hujazaliwa."

"Wakubwa wana tani ngapi, mzee?"

Hata muuza chai alicheka. Mzee akapanda ndani akafunga mlango taratibu. Hajui kubamiza mlango, kazi yake ilimwondolea hilo.

Nilibaki naokota vipande vya glasi. Yule dada akaja karibu. "Na wewe bubu. Wengine wote walikuwa wanatazama moshi, wewe ulikuwa unatazama bomba. Unajua." Nikaitikia kwa kichwa. "Basi gia ya pili kabla ya kona ya kwanza, na ingurume mpaka chini. Ukingoja likolee mwendo, umeona leo, gia haiingii." Nikamwambia waya umekatwa. Akanigeukia. "Na wewe umekaa tu?"


Alhamisi, 7 Agosti

Tumelala hapa kituoni, breki zimepoa. Kaja fundi wa hapa kuzitazama. Kafungua mafuta ya breki, meusi kama kahawa, kaweka mapya. Akapima lainingi za mbele, zile zinazobana gurudumu likasimama, kwa kucha ya kidole gumba. Zimebaki kama ganda la yai. Mpya hazipo hapa, zinatoka ng'ambo ya mlima, siku nne.

Siku nne hakuna. Binti mkubwa kapiga simu saa nne asubuhi, maumivu yanakuja yanaondoka. Mama kaongea naye kimya kimya, kakata simu, kakaa ameishika. Mtoto wa kwanza wa binti huyu alizaliwa Mama hayupo. Hakuishi. Hili Pini ndiye kaniambia, nje, tukitafuta maji. Sikulijua.

Mzee kasema tutaondoka kesho kama ilivyopangwa. "Tutakwenda polepole." Fundi akamtazama, akatazama gari, akafuta mikono.

Mchana Mzee akalala, anakoroma. Nikamwambia Pini shika tochi. Hakuuliza. Tukaingia chini wote wawili. Nikatoa tepu, nikakwangua waya kwa kisu, nikaunganisha, nikafunga. Nikamwambia panda juu uvute kiwashio. Tik! Umeme umefika. Lakini kibati hakiendi. Masizi yamekigandisha, kimekaa bila kazi sijui mwaka mzima. Nikakimwagia dizeli, nikangoja, nikakigonga kwa mpini wa spana, pole pole, tk, tk, kila nikigonga nasikiliza kama mkoromo umekatika. Dizeli inaniingia jichoni. Robo saa nzima. Halafu kikacheza. Kidogo. Halafu chote.

Dirisha la juu likafunguka. Mama.

"Mwanangu, unafanya nini huko chini?"

"Naangalia, mama."

"Angalia vizuri," akasema. Akafunga pazia.

Sijui kama kitashika kikiwa kimepata moto. Kimecheza kikiwa baridi. Kupoa na kuwaka ni vitu viwili. Sijui.


Ijumaa, 8 Agosti

Nimefukuzwa kwenye usukani.

Ilikuwa hivi. Asubuhi njia inapanda, naendesha mimi, Mzee kalala nyuma. Nikafika kwenye kishuko, kama kilomita moja na nusu, hakipo hata kwenye hesabu yake. Hata hivyo angekuwa macho angenigusa bega. Nikapunguza, nikaingiza gia ya tatu nikiwa bado juu. Mguu nikautoa. Nikavuta.

Ikanguruma! Jamani! Gari zima limetetemeka kwa ile sauti, nzito, ya kifuani, na mwendo ukashikwa hapohapo, thelathini, thelathini, thelathini, mshale umekaa kama umegongewa msumari. Mguu wangu wa breki uko hewani. Nilikuwa nacheka mwenyewe. Pini nyuma kapiga makofi.

Halafu Mzee katokea na fulana, soksi moja.

"Umeua injini! Simama! Simamisha gari!"

Nikasimama pembeni. Akaniambia zima. Nikazima. Akabaki ameshika kichwa cha kiti changu, anahema.

"Nani kagusa gari langu?"

Pini akasema mimi nilishika tochi, baba. Mzee akasema sijauliza tochi.

"Mimi, baba," nikasema.

"Nikiwa nimelala."

"Ndiyo, baba."

"Sawa, Bwana Kokoto." Hakupaza sauti, ndiyo tabia yake, akikasirika anashusha. "Sikiliza. Kokoto hazina masikio. Ukizitikisa hazisemi, ukizipigia kelele hazisemi. Mimi nimebeba watu. Mtu akikaa kwenye gari langu hajui kama tunapanda au tunashuka. Hiyo ndiyo kazi. Hicho kilio chako ni cha machimboni, kiache machimboni."

Nilitaka kusema injini haifi, baba. Mshale wa mzunguko wa injini haukufika hata karibu na nyekundu, niliutazama muda wote. Inapobanwa haiumii, imetengenezwa ibanwe. Zinazokufa ni breki za magurudumu. Nilikuwa nayo yote haya. Nikatazama pedeli.

Ndipo Mama akasema kutoka kitandani, sauti ya kawaida tu, kama anaomba chumvi: "Mimi leo sikushika chuma."

Mzee akageuka. "Chuma gani?"

"Hiki cha kitanda. Tangu tuondoke nyumbani, tukishuka nakishika kwa mikono miwili, gari likinyamaza sijui liko mikononi mwa nani. Leo limenguruma, nikajua kuna mtu ameshika. Nikalala."

Lori likapita, upepo wake ukatutikisa. Nikafikiri basi, kaelewa, Mama kamaliza. Mzee akaivuta fulana yake ikae sawa. Halafu akasema, "Toka, kijana. Kuanzia hapa mpaka tufike naendesha mwenyewe." Akakaa. Akaifuta shingo ya usukani kwa kitambaa, pale nilipokuwa nimeshika.

Na mimi nikiwa nashuka kwenda upande wa pili akaongeza, bila kunitazama: "Na lile jambo lenu. Mtu anayegusa cha mwenzake akiwa amelala, sijui nimpe binti yangu vipi."

Pini kasikia. Kaenda kukaa chooni, kafunga. Alipotoka, macho mekundu, kaniambia jambo moja tu: "Usinililie mimi. Si mimi ninayeshika breki."

Kaendesha mchana kutwa. Klachi kwa mguu wa kushoto salama. Lakini kila akikanyaga breki, mkono unakwenda pajani. Nimehesabu. Mara kumi na nne.


Jumamosi, 9 Agosti

Saa mbili na nusu asubuhi. Tuko juu.

Ni uwanja wa changarawe ambapo magari makubwa yanasimama kukagua breki kabla ya kushuka. Kibao kikubwa cha njano, picha ya lori limeinama mbele, na herufi. Nimesoma polepole: tumia gia ndogo. Mzee naye kakisoma. Kasoma kama mtu anayesoma tangazo la viatu.

Chini njia inaonekana yote. Inajikunja, inapotea, inatokea tena ndogo kama uzi. Nyumba moja pembeni, bati jipya, ukuta mweupe. Nadhani ndiyo ile.

Nimepita karibu na dirisha alfajiri wakati Mzee anavaa. Anajifunga bendeji goti. Limevimba kama papai. Alikuwa anauma meno ili Mama asiamke, na Mama alikuwa macho, amegeukia ukutani.

Nimejaribu. Naandika ili nijue kwamba nilijaribu. Alipokuwa anakunywa chai nimekwenda nimesimama mbele yake, si nyuma. Nikasema, baba, breki. Akasema, "Breki nimeziona, zimepoa." Nikasema, lainingi, baba, fundi alisema. Akasema, "Kunywa chai, kijana." Akanimiminia mwenyewe. Na sukari. Nikainywa! Nilikuwa na maneno mengine matatu nikayameza na chai.

Siyo mtu mbaya. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi.

Sasa hivi tu simu imelia. Binti mkubwa kapelekwa hospitali. Mume wake ndiye kapiga, anaongea kwa kelele mpaka mimi nje nasikia: mkewe anamuulizia mama yake, kila dakika anamuulizia mama yake. Mama kakaa kitandani kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, miguu chini, mgongo umenyooka, anafunga kilemba. Mzee kasema, "Dakika tano tunaondoka." Kaenda kunawa uso bombani kule mwisho wa uwanja.

Kaacha ufunguo pale pake.

Nimeuchomoa.

Sikufikiri. Mkono ulikwenda kama ulivyokwenda kwenye breki ya mkono Jumatano. Pini alikuwa anakunja blanketi, kaniona. Kaendelea kukunja.

Sasa nimekaa nyuma ya gari, kwenye ngazi, karibu na tangi la maji. Daftari kwenye goti. Nina dakika ngapi sijui. Nikiandika nitaweza kusema, nisipoandika nitasema shikamoo.

Nitakachosema. Gia ya pili kutoka hapa, kabla hatujakipita kibao. Breki ya injini ivutwe juu kabisa na isiachiwe. Mguu ni wa kusaidia tu, kukanyaga mara moja kwa nguvu, kuachia, breki ipoe. Yeye akikubali kushuka hivyo, ashuke yeye, mimi nikae pembeni nimwangalie. Goti likikataa, nishuke mimi. Asipokubali hata moja, gari haliondoki, na Mama tutamtafutia lori la mtu, alale nyuma ya kiti, hata yule dada wa tenki, namba yake ya simu kaniachia. Ndivyo. Si maneno mengi. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza.

Na atasema umechukua kitu changu tena. Ni kweli. Mara ya pili. Jibu la posa nimeshalijua. Na kile kibati je? Kikigoma katikati, kikiganda kwa moto, nitakuwa nimewaua watu kwa mdomo wangu mwenyewe badala ya kunyamaza kwangu. Nimekijaribu kilomita moja na nusu. Hizi ni ishirini na mbili.

Jana kilishika. Nilikisikia kikishika.

Mlango wa mbele umefunguka. Kiti kimelia, kakaa. Anavuta mkanda.

"Nani kaona ufunguo?"

Mama anasema angalia mfukoni. Anaangalia. Nasikia sarafu. Anasema haupo, niliuacha hapahapa. Anamuuliza Pini. Na Pini — nasikia vizuri kabisa — anasema, "Muulize dereva."

Sasa anashuka. Mguu mmoja, halafu ule mwingine, taratibu. Anapita ubavuni mwa gari, anashika bati akitembea. "Kijana! Kijana, hebu nisaidie kutafuta, huenda umeanguka chini hapa."

Kanipa na njia ya kutokea. Ningeweza kuinama, nikasema huu hapa baba, nimeuokota. Angefurahi. Angenishukuru.

Lazima niende. Yuko hatua tano kutoka hapa, anatafuta kwenye changarawe na lile goti, na lazima nimwambie asiiname, kwamba haukuanguka.